Kadi ya ukaazi bila pasipoti: Berlin mpaka Stockholm inawezekana?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi Mtanzania, niko Leipzig nasomea uuguzi mwaka wa pili. Mwezi ujao binamu yangu anaolewa Stockholm na tiketi nimeshakata, natokea Berlin. Shida ni kwamba nimeibiwa pochi kwenye treni na pasipoti ilikuwemo, nimeripoti polisi, nimeomba mpya ubalozini ila sijui itatoka lini. Kadi ya ukaazi haikuibiwa, ninayo na iko hai. Wenzangu wanasema ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zilizoondoa uhamiaji kati yao, ni kama Dar kwenda Mwanza, hamna uhamiaji, na kweli mwaka jana nilienda Copenhagen sikuulizwa kitu zaidi ya ile code ya bodingi pasi kwenye simu. Hata Mjerumani ninayefanya naye kazi husafiri na kadi tu. Je naweza kwenda na kadi yangu? Na rafiki yangu Mkongo tunayekwenda naye ana ile pasipoti ya bluu ya wakimbizi, yeye vipi? Vitenge vya sare viko kwetu, tusipofika ni aibu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongereni kwa harusi na pole sana kwa kuibiwa. Nikujibu kwanza halafu ndo nieleze: kisheria hapana, huwezi kwenda Stockholm na kadi ya ukaazi peke yake. Na hapohapo nikwambie na upande wa pili, kwamba ukienda hivyohivyo kuna uwezekano mkubwa tu wa kufika bila mtu kukuuliza chochote. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja na ndo maana watu wanachanganyikiwa, mtu akipita bila kuulizwa anaamini ameruhusiwa, anarudi anawaambia wenzake kwenye grupu la WhatsApp "mbona mi nimeenda na kadi tu", wiki inayofuata mwenzie anajaribu anakuta askari wamesimama mlangoni mwa ndege.

Mimi kazi yangu ndo hiyo, kaunta na getini, kupandisha watu ndege kwenye eapoti moja ya huku Ulaya, kwahiyo naongea kwa ninachokiona kila siku na kwa sheria tunazofundishwa.

Kitu cha kuelewa ni kwamba eapoti unakutana na watu wa aina tatu na kila mmoja ana shida yake, sio serikali moja yenye macho matatu. Wa kwanza ni sekyuriti, wale wa kuvua mkanda na chupa za mililita 100. Hawa hawana habari na jina lako. Wanachotaka kujua ni nini kimo kwenye begi na mwilini mwako, basi, iwe wewe ni Asha au ni Svetlana kwao sawa. Kanuni ya Ulaya ya usalama wa anga, ile 2015/1998, imejaa mambo ya kukagua abiria na mizigo mpaka kichwa kinauma, lakini haimlazimishi mtu wa getini alinganishe sura yako na kitambulisho. Nchi yenyewe ikitaka inaweza kuongeza ya kwake, Hispania kwa mfano kwa miaka mingi wamekuwa wakitaka kitambulisho kionyeshwe wakati wa kupanda hata kama ni safari ya ndani, ndo maana aliyezoea kuruka kutoka Madrid au Barcelona atakubishia kabisa kwamba "lazima wanaangalia", na aliyezoea Skandinavia atakubishia kwamba hawaangalii, na wote wawili wanasema walichokiona.

Wa pili ni shirika la ndege, yaani mimi. Sasa hapa ngoja nikuonyeshe nikiskani simu yako naona nini, maana watu wanadhani tunaona faili lao lote. Ile code ya kwenye bodingi pasi ina jina lako, herufi sita za bukingi, unatoka wapi unakwenda wapi, namba ya ndege, siti, namba ya mfuatano wa cheki-in, na tarehe iliyoandikwa kama siku ya mwaka, tarehe 15 Juni inasomeka 166. Namba ya pasipoti haimo. Kwa safari za ndani ya Schengen mara nyingi hata kwenye skrini yangu haipo, sijui wewe ni Mtanzania au Mholanzi mpaka unionyeshe mwenyewe. Taa ya kijani ikiwaka unapita, ikiwaka nyekundu kuna jambo la siti au begi. Foleni ina watu 180, ndege inatakiwa ifunge mlango kwa wakati, bosi yuko kwenye redio, hivyo kama nchi na shirika hawanilazimishi kuangalia kitambulisho siangalii. Ndo kilichotokea safari yako ya Copenhagen. Hukupewa ruhusa, ulipita tu kwa sababu mtu wa getini hakuwa na sababu ya kukuuliza.

(Na kwa kuwa tumegusa hapo, tafadhalini acheni kuweka picha za bodingi pasi status. Mtu akiwa na jina lako na zile herufi sita anaingia kwenye bukingi yako, anabadilisha siti, anaweza hata kukufutia safari ya kurudi. Bongo tunapenda sana hiyo picha ya mkono umeshika pasipoti na bodingi pasi juu yake, najua, lakini subirini mrudi ndo mposti.)

Shirika linapoangalia kitambulisho kwenye safari hizi fupi, mara nyingi linalinda biashara yake. Tiketi ni ya aliyeandikwa, hawataki ununue ya yuro 20 mapema halafu umuuzie mwenzio kwa 90. Ndo maana hela ya kubadilisha jina inazidi hata bei ya tiketi yenyewe. Na kila shirika lina masharti yake, Ryanair kwa mfano kwa miaka mingi imewataka abiria wenye pasipoti zisizo za Ulaya wapitie kwanza kaunta yao hati zikaguliwe kabla ya kwenda sekyuriti, wakati mashirika mengine hawana hata mtu wa kukaa hiyo kaunta. Hivyo kabla hujasema "kwenye ndege hawaulizi" jiulize ndege ya nani, kutoka wapi, na siku ya kurudi ni ya nani, maana watu wengi wanaenda na shirika moja na kurudi na jingine. Na hata likiwa shirika lilelile, anayekupandisha Arlanda, eapoti ya Stockholm, si yule aliyekupandisha Berlin, ni kampuni nyingine ya kuhudumia abiria na bosi mwingine mwenye maelekezo yake.

Ukitaka kuona shirika likiwa na sababu ya kuogopa, angalia ndege inayotoka Dar au Nairobi kuja huku. Pale wanapekua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, viza wanaigeuza kwenye taa, wanapiga simu. Sio kwamba wanatuchukia (wengine labda), ni kwamba wakimleta Ulaya mtu asiye na hati wanapigwa faini, maelekezo ya Ulaya ya 2001 yalisema kiwango cha juu kisipungue yuro 5,000 kwa kichwa au cha chini kisipungue 3,000, na gharama za kumrudisha ni zao. Hiyo faini ni ya mpaka wa nje. Kwa ndege ya Berlin kwenda Stockholm haipo, kwahiyo na ukali haupo.

Wa tatu ndo mwenye kesi na wewe, polisi. Hapa ndo wenzako wa "kama Dar na Mwanza" wanapopotea. Schengen, ule mkataba uliosainiwa kwenye boti mto Moselle tarehe 14 Juni 1985 na kuanza kufanya kazi kweli tarehe 26 Machi 1995, uliondoa kibanda cha uhamiaji kati ya nchi wanachama. Sasa ni nchi 29, za mwisho kuingia ni Bulgaria na Romania ambazo kwa ndege zilifunguliwa tarehe 31 Machi 2024 na kwa barabara mwanzoni mwa 2025. Ukipita Frankfurt utaona ilivyojengwa hadi kwenye zege, geti za A ni za Schengen na geti za Z ziko ghorofa ya juu yake, jengo lilelile, ndege zinapaki palepale, lakini wa juu anapita uhamiaji na wa chini hapiti. Kilichoondolewa ni hicho kibanda. Wajibu wa mgeni kuwa na hati zake haukuondolewa na mtu yeyote, na sheria ya mipaka ya Schengen ya 2016 inasema wazi kwamba kutokuwepo ukaguzi mpakani hakumzuii polisi kufanya kazi yake, wala hakuizuii nchi kudai watu watembee na hati.

Haki yako wewe ya kwenda Sweden imeandikwa kifungu cha 21 cha mkataba wa utekelezaji wa Schengen wa 1990. Kinasema mwenye kibali cha ukaazi halali cha nchi mojawapo anaweza kutembelea nyingine mpaka siku 90 ndani ya kila siku 180, akiwa na kibali hicho NA hati halali ya kusafiria. Hiyo "na" ndo kesi yako yote. Sio kibali au pasipoti, ni vyote viwili. Kadi inasema Ujerumani imekubali uishi, haithibitishi uraia wako wala nchi gani itakupokea ukifukuzwa, hilo linathibitishwa na pasipoti.

Na Mjerumani wa kazini kwako usimfuate. Kadi yake na yako zinalingana ukubwa, zote za plastiki, zote zina chipu na tai wa Ujerumani, lakini yake ni kitambulisho cha uraia na raia wa Umoja wa Ulaya wanasafiri nacho kokote ndani ya Umoja, sio Schengen tu, hata Ireland anafika nacho. Ni kama Mkenya, Mganda na Mnyarwanda tangu 2014 wanavyovuka kwa kitambulisho cha taifa, hawabahatishi, wamekubaliana. Wewe na NIDA yako na kadi ya ukaazi hayo makubaliano hayakuhusu. Na kwa kuwa nimetaja Ireland: ikitokea siku unatafuta tiketi ya bei rahisi ukaona ya kubadilishia ndege Dublin au London, uliza kwanza masharti yao ya kupita, zote mbili ziko nje ya Schengen na kadi ya Ujerumani haikupi ruhusa ya kuingia huko hata ukiwa na pasipoti mpya kabisa, Mtanzania anayeingia anatakiwa awe na viza yao.

Haya, polisi wanakaa wapi? Mara nyingi hawako popote, unatoka kwenye ndege unanyoosha mpaka kwenye mabegi. Ila siku wakiamua wanasimama mwisho wa lile daraja la kushukia, wawili watatu, na kila anayeshuka anaonyesha hati. Unaligundua mapema kwa foleni kukwama ghafla ndani ya ndege na watu kuanza kupekua mifuko. Hiyo sio hadithi, Novemba 2017 Ujerumani ilirudisha rasmi ukaguzi kwa ndege zinazotoka Ugiriki, Schengen kwa Schengen, kwa sababu watu wengi walikuwa wanapanda Athens na hati za wengine. Uholanzi wana askari wao wa Marechaussee ambao ni kawaida yao kuchagua ndege fulani ya Schengen na kuiangalia. Na Sweden unakokwenda walirudisha ukaguzi wa mipaka ya ndani Novemba 2015 baada ya lile wimbi la wakimbizi na wakawa wanauongezea muda miaka na miaka, na mbali na mipaka polisi wao wanaruhusiwa kumtaka mgeni aonyeshe pasipoti wakiwa na sababu.

Najua swali linalofuata, basi nikipanda basi au treni je? Hapo ndo utakuwa umekimbilia kubaya. Wageni wengi wanadhani ndege ndo ina ukali, kumbe siku hizi barabara na reli ndo zinaangaliwa zaidi. Treni ya kutoka Copenhagen kuvuka daraja la Öresund, polisi wa Sweden kwa miaka sasa wanapanda stesheni ya Hyllie, ya kwanza upande wa Sweden, wanapita siti kwa siti. Na Ujerumani yenyewe tangu tarehe 16 Septemba 2024 iliweka ukaguzi mipaka yake yote ya nchi kavu, Denmark ikiwemo. Basi la usiku linasimamishwa, taa zinawashwa, kila mtu hati mkononi.

Ukikamatwa bila pasipoti inakuwaje, kwa haki kabisa haufungwi kesho yake. Una kibali, jina lako lipo kwenye mfumo, polisi akipiga simu anaona wewe ni mwanafunzi halali wa uuguzi Leipzig. Unaweza ukapigwa faini, unaweza ukakalishwa masaa, harusi ikaisha. Ninachokihofia mimi ni kurudi. Kifungu cha 14 cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani kinasema mgeni anayeingia bila pasipoti anayotakiwa kuwa nayo ameingia kinyume cha sheria, hata kama kibali anacho. Karatasi ya namna hiyo kwenye faili lako la Ausländerbehörde, ile ofisi ya Ujerumani ya vibali vya wageni, halafu miaka michache mbele unaomba ukaazi wa kudumu, utatafutiwa majibu ambayo hukujiandaa nayo. Kwa harusi ya binamu mimi nisingefanya, kwa msiba wa mzazi labda ningekuelewa ila ningekwambia yaleyale.

Sasa cha kufanya. Piga simu ubalozini usisubiri imeili, waambie tarehe ya safari, uliza kama alama za vidole zilishatumwa na kama pasipoti imeshachapwa. Wakikupa wazo la hati ya dharura, uliza kwanza ni ya safari gani, kwa kawaida zile ni za kukurudisha nyumbani mara moja, hazikusaidii kwenda Sweden na kurudi Leipzig. Halafu nenda Ausländerbehörde na ile karatasi ya polisi, kisheria ulitakiwa uwaambie umepoteza pasipoti kama hujawaambia. Uliza kuhusu Ausweisersatz, hiyo inakupa kitambulisho halali wakati unasubiri, maana kadi yako bila pasipoti hata ndani ya Ujerumani ni nusu, ila nayo ni ya ndani tu, haivuki mpaka. Kuna pia hati ya kijivu, Reiseausweis für Ausländer, hiyo inavuka, lakini wanampa yule ambaye nchi yake haimpi pasipoti kabisa au haiwezekani kuipata kwa njia ya kawaida, na wewe yako iko njiani kwahiyo sikupi matumaini.

Kingine, ile pasipoti iliyoibiwa ikipatikana leo kesho, mtu akairudisha ofisi ya vitu vilivyopotea, usifurahi ukaiweka kwenye begi. Ulisharipoti, namba yake ina uwezekano mkubwa imeingizwa kwenye mfumo wa Schengen wa hati zilizoibiwa, ukiionyesha kwa polisi yeyote inapiga kelele na unakuwa wewe ndo wa kujieleza. Ipeleke ubalozini.

Pasipoti mpya ikitoka kabla ya safari, angalia jina. Sisi majina yetu matatu yanatuletea shida sana getini, kwenye tiketi mtu ameandika la kwake na la babu, kwenye pasipoti la baba limekaa katikati, kwenye kadi ya ukaazi karani wa Kijerumani ameyabana anavyojua yeye. Jina la katikati kukosekana kwenye tiketi mara nyingi halina neno, lakini jina la mwisho likitofautiana piga simu kwa shirika siku kadhaa kabla, herufi mbili tatu wanarekebisha, ukisubiri asubuhi ya safari kaunta watakwambia ununue nyingine. Na isipotoka, badilisha tarehe kama tiketi inaruhusu, kama hairuhusu dai angalau kodi na tozo za eapoti, hizo shirika halikupaswa kubaki nazo wakati hukuruka, ingawa watakuzungusha.

Rafiki yako Mkongo yeye hana tatizo, cheka tu. Ile ya bluu, kama ni ile yenye mistari miwili myeusi kwenye kona ya juu, ni hati ya kusafiria ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na kwa kifungu kilekile cha 21 inahesabika kama pasipoti. Abebe na kadi yake ya ukaazi, aangalie tarehe za vyote viwili, na kama mtu wa kaunta akianza kuigeuzageuza kwa sababu hajawahi kuiona, asipaniki, amwombe kwa upole amwite msimamizi. Inatokea, vijana wapya hawafundishwi vizuri hizo hati.

Na vitenge aende navyo yeye, lakini sikiliza vizuri hapa. Kama mmekata tiketi pamoja na begi la kwenda chini limelipiwa kwa jina lako, msijaribu kufanya cheki-in yako kwenye simu ili yeye alipeleke kwa kimashine kwa jina lako halafu wewe ubaki Leipzig. Tangu bomu lililoangusha ndege Lockerbie, Scotland, mwaka 1988, lililokuwa ndani ya begi ambalo mwenyewe hakuwemo kwenye ndege, abiria asipopanda begi lake linatafutwa na kushushwa. Ndege itachelewa, wewe utaitwa kwenye spika eapoti nzima, na sare zitabaki Berlin. Alipie begi kwa jina lake mtandaoni kabla ya siku ya safari, pale kaunta bei inapanda sana, na apime kabisa nyumbani maana vitenge vya watu wote hao vina uzito kuliko mnavyodhani.